Berlin: kutoka uwanja wa ndege mpaka Leopoldplatz tiketi inakatwaje?

Binti_Makole:
Wakuu, habari za jioni. Mwezi ujao naenda Berlin kwa dada yangu, nikiwa na mama na mwanangu wa miaka 4. Siku tunayofika dada yuko kazini, anasema tu "njooni na treni mpaka Leopoldplatz". Mimi nimezoea daladala za hapa Dodoma, na SGR nikienda Dar. Tiketi nakata wapi, na nani anaikagua? Mama anaumwa magoti, sitaki tuzungukezunguke.

Mzee_wa_Kisasa:
Dada, nilisoma huko. Jiji na viunga vyake vimegawanywa kanda za tiketi A, B na C. Wewe wa Dodoma Area C unaijua, basi na hii C usiisahau: uwanja wa BER uko Schönefeld, nje ya mpaka wa jiji, kwenye kanda C, kwa hiyo kata tiketi ya ABC. Ya AB ni nafuu lakini haikuhusu.

Kituo kiko chini ya jengo la abiria. Mashine za tiketi zina Kiingereza. Pandeni treni ya S9 mpaka Friedrichstraße, hapo mbadilishe mteremke kwenye treni ya chini ya ardhi, U6, inayoelekea Alt-Tegel, mshukie Leopoldplatz. Tiketi ileile inatosha treni zote mbili, inadumu kwa muda wa saa 2.

Sasa sikiliza. Geti kama la SGR hakuna, konda hakuna, na hapo ndipo watu wanapoliwa. Tiketi ya karatasi igonge kwenye kisanduku kilichopo kituoni kabla ya kupanda, itoke na tarehe na saa. Wakaguzi wengi huvaa kiraia. Jamaa amekaa zake na kofia, treni ikiondoka tu anasimama na kitambulisho. Mwenzetu mmoja tiketi alikuwa nayo mfukoni, hajaigonga: euro 60. Alijitetea kwa Kiingereza, kwa Kiswahili, mwisho kwa machozi. Akalipa.

Changombe_Juu:
Milango msiingoje ijifungue, bonyezeni kitufe. Na siku yenyewe angalia kwenye simu programu ya BVG, kampuni ya usafiri ya jiji, matengenezo ya reli hayaishi kule.

Binti_Makole:
Asanteni sana. Ngazi je, mama ataweza? Na mtoto nimkatie nusu?

Mzee_wa_Kisasa:
Friedrichstraße kuna lifti, msimkimbize mama, treni nyingine inakuja baada ya dakika chache. Mtoto chini ya miaka 6 hakatiwi.