Mwanamke ana cheo gani ndani ya magenge yanayotengeneza dawa za kulevya?

Mwanafunzi wa Kisauni: Assalaam alaykum. Naandika tasnifu kuhusu wanawake katika magenge yanayozalisha kokeini na afyuni, nami nimechagua Kolombia, Meksiko na Afghanistan, kwa kuwa hapa Mombasa unga hupitishwa tu. Kila nisomapo nakutana na "malkia" kama Griselda Blanco, mfanyabiashara wa kokeini wa Kolombia, aliyeuawa Medellín mwaka 2012. Je, huyo ndiye mwanamke wa kawaida katika kazi hiyo?

Shangazi wa Majengo: Wa alaykum salaam, mwanangu. Siye hata kidogo. Katika mashamba ya Kolombia ya koka, mmea unaotoa kokeini, utamkuta mwanamke akiwapikia wachuma majani tangu alfajiri, au akichuma mwenyewe kwa ujira wa uzito, ilhali wanaoloweka majani yale kwenye petroli na kupatana bei na wenye silaha kwa kawaida ni wanaume. Afghanistan, kabla Taliban hawajapiga marufuku kilimo hicho mwaka 2022, katika baadhi ya mikoa wanawake walikuwa wakipalilia mipopi, mimea itoayo afyuni, wakisafisha mbegu na kuwapikia vibarua wa mavuno. Tena deni la afyuni likimlemea baba, wapo mabinti waliotolewa kuozwa kwa mdai. Cheo kiko wapi hapo?

Kaka wa Likoni: Shangazi, kwa heshima zote, usimsahau Enedina Arellano Félix wa genge la Tijuana, Meksiko, aliyesomea uhasibu. Kaka yake Ramón aliuawa na Benjamín akakamatwa, wote mwaka 2002, na baadaye yeye akahesabiwa miongoni mwa viongozi.

Shangazi wa Majengo: Sawa, lakini tazama alipitia mlango gani: ukoo, tena baada ya kaka zake kuondoka. Mtazame na mama pima wetu anayepika chang'aa kwa siri. Pipa ni lake, wateja wanamjua yeye, na pesa hulala kwake, hivyo mtaani ana sauti ambayo mpishi wa kambi ya koka hana. Kwa hiyo, mwanangu, chunguza nani mwenye vyombo na nani ashikaye fedha.

Mwanafunzi wa Kisauni: Shukran, Shangazi. Na mahakamani je, tofauti hiyo huonekana?

Kaka wa Likoni: Kwa nadra, kwa sababu sheria nyingi hupima uzito wa mzigo kuliko nafasi ya aliyekamatwa nao. Soma Kanuni za Bangkok za Umoja wa Mataifa za mwaka 2010, zinazotaka mahakama ziruhusiwe kuzingatia mazingira ya mwanamke na majukumu yake ya malezi zinapotoa hukumu.