Wenye grosari Mwanza: bado mnauza bia ya moto?

MamaKaunta_Igoma

Salaam wakuu. Nina grosari huku Igoma, pembeni ya barabara ya kwenda Kisesa. Si baa kubwa: kaunta yenye nondo, meza za plastiki nje, na jirani anachoma kitimoto. Naomba mawazo ya wanaouza, na ya wanywaji wa siku nyingi pia.

Nilipoanza biashara, mteja akiketi unamuuliza "baridi au moto?" na wengi walijibu moto. Kreti za Safari na Balimi zilikaa chini ya kaunta, zinatoka pale moja kwa moja hadi mezani. Friji ilikuwa ya soda na maji. Siku hizi kijana hasubiri kuulizwa: lite, chupa ndogo, na akiletewa anaigusisha shavuni kwanza. Isipokuwa baridi ya kuuma anairudisha. Akina dada ndiyo kabisa, Serengeti Lite au Castle Lite, na glasi hawataki. Wazee wangu wa moto wamebaki meza moja ya pembeni, walimu wastaafu na fundi mmoja wa mitumbwi anayetokea Mwaloni. Huyo fundi, chupa ikipita tu karibu na friji anaanza kukohoa kabla hajaifungua.

Shida yangu ni hela na nafasi. Friji ni moja, ya kampuni, na sharti ni kwamba humo zikae bidhaa zao tu. Kwa hiyo bia ya kampuni nyingine inauzwa moto hata kwa asiyetaka moto, maana haina pa kulala. Umeme wa LUKU nao unakimbia. Halafu kila aina mpya ni kreti mpya, chupa ya lite haikai kwenye kreti ya nusu lita, mtaji wangu wote umekuwa plastiki na chupa tupu nyuma ya nyumba.

Juzi afisa mauzo mmoja kaniambia niachane na "bia za wazee", nijaze lite na zile zisizo na kilevi. Kijana wangu wa pili naye anaimba wimbo huohuo. Mimi sijashawishika. Wale wazee wanakuja saa kumi jioni, wanalipa taslimu, hawapigani wala hawaniambii nibadilishe muziki. Vijana wanajaa Ijumaa na Jumamosi, Jumanne siwaoni.

Kuna aliyeacha kabisa kuuza za moto? Alipata au alipoteza? Na je, bia ikikaa wiki kadhaa chini ya kaunta inaharibika kweli, kama huyo afisa alivyodai?

Mstaafu_wa_Kimea

Dada, nimefanya kazi kiwanda cha bia, upande wa kujaza chupa, mpaka nikastaafu. Nianze na hilo la kuharibika, maana ndilo watu wanalopotosha.

Chupa ikishajazwa na kupigwa kizibo hupitishwa kwenye mvua ya maji ya moto, nyuzi 60 hivi, kuua vijidudu vinavyoweza kuichachusha. Ndiyo maana lori linaweza kuipeleka mpaka Ngara bila friji yoyote. Vinavyoichosha bia ni joto kali la muda mrefu, na mwanga. Chini ya kaunta penye kivuli haina neno. Soma tarehe kwenye chupa, za zamani zitangulie kutoka. Ila usipange kreti nje juani hata siku moja! Mwanga unagusa ule uchungu unaotokana na maua ya hopsi, bia inaanza kunuka vibaya. Chupa ya kahawia iliwekwa kwa sababu hiyo, si kwa urembo.

Kuhusu ladha: ubaridi mkali unaufanya ulimi usinzie. Safari ina kilevi asilimia 5.5, na kimea chake utakisikia vizuri zaidi ikiwa haijagandishwa. Castle Lite ni asilimia 4, nyepesi, na inatangazwa kwa ubaridi wake. Ukimpa mtu ya moto hana cha kuonja.

Na huyo afisa wako ni mtoto wa juzi. Kiwanda cha bia cha Dar kilianza 1933, baada ya Azimio la Arusha kikawa mikononi mwa serikali, na mpaka kinabinafsishwa mwaka 1993 kulikuwa na vipindi ambavyo swali la baa lilikuwa ipo au haipo. Ikipatikana unakunywa ilivyo. Friji yenyewe walikuwa nayo wangapi? Wale wazee wa meza yako walijifunza kunywa wakati huo.

Kamachumu_Boy

Mstaafu umesema, lakini rudi nyuma zaidi ya kiwanda. Kwetu Muleba rubisi, pombe yetu ya ndizi, haijawahi kuona friji. Ndizi zinaiva, zinakanyagwa kwa miguu pamoja na nyasi mpaka zitoe maji, unatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, kisha inafunikwa kwa majani ya mgomba ndani ya kile chombo cha gogo kinachofanana na mtumbwi. Kesho yake inapendeza, keshokutwa inapiga, baada ya hapo unajitafutia ugomvi. Inanywewa na joto lake. Babu yangu alipohamia bia ya dukani hakuona sababu ya kuibadilishia joto.

Mwaka jana kwenye mahari ya dada yangu wazee walidai rubisi NA kreti za bia, vyote viwili, kwenye karatasi, vikiwa na idadi. Kreti zilinywewa na vijana. Rubisi ikanywewa na wote, hadi mpiga picha. Mimi hapa Mwanza naipata kwa madumu tu, ikija na meli au basi, na ikifika imeshakuwa kali.

Mtoto_wa_Nyegezi

Shangazi, tutetee na sisi. Chupa ndogo siyo mbwembwe. Kwa jua la hapa, nusu lita ikifika katikati imeshapata joto, unamalizia uji. Ndogo inaisha ikiwa bado baridi. Na lite nakunywa nne, kesho asubuhi niko kazini na kichwa changu. Jaribu kufanya hivyo na Balimi.

Kreti_za_Ukerewe

Mimi napeleka bia visiwani. Nansio kuna umeme, lite inatoka vizuri tu. Kambi za wavuvi ni habari nyingine: barafu ipo, lakini ni ya sangara. Nenda kamwombe tajiri wa mtumbwi barafu ya kupozea bia uone atakavyokujibu. Kule ni Safari na Balimi, moto, usiku wakirudi au asubuhi wakishauza. Wakati viroba, zile pombe kali za vifuko, vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilidhani wote watahamia bia. Wapi! Wengi niliowaona waliishia kwenye gongo, bia ni ya siku samaki wamekubali.

Kwangu kizungumkuti ni kreti tupu. Kwenda zinapewa nafasi, kurudi mtumbwi umejaa dagaa, zinalala ufukweni huko. Mama usiongeze aina za chupa kabla hujajua tupu zitarudi kwa nani. Hilo ndilo litakuumiza kuliko friji.

MamaKaunta_Igoma

Asanteni sana. Mstaafu, hilo la jua limenishtua, leo nimewaamsha watoto tukahamisha kreti zote za nyuma ya nyumba zilizokuwa na bia. Nyegezi, kwa chupa ndogo nimekuelewa, kwa Balimi wewe huiwezi tu.

Safari na Balimi zinabaki chini ya kaunta. Friji yote nimewaachia lite, aina mbili basi, zile ambazo depo ya hapa Igoma wanapokea tupu zake siku hiyohiyo. Afisa nimempigia simu: akitaka niuze isiyo na kilevi, alete friji ya pili. Amesema atanirudia.

Kamachumu, madumu hayo unayapokea stendi gani? Leseni yangu siyo ya pombe za kienyeji, kwa hiyo siulizi ya kuuza. Ni ya kwangu.