Mzee Mkapa alikuwa balozi nchi gani gani? Na sisi wa Kusini tunafikaje huko?

Kijana wa Masasi
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nipo fomu siksi hapa Masasi, jana hosteli tumebishana sana, mshkaji anasema Mzee Mkapa alitoka kwenye magazeti akawa waziri moja kwa moja, mimi nasema alipitia ubalozi kwanza ila nchi zenyewe nikashindwa kuzitaja. Mwenye kujua anisaidie. Na hivi mtu anaanzia wapi mpaka anakuwa balozi? Nauliza siriasi, ndo kitu nataka kusomea.

Mzee wa Shangani
Marahaba mwanangu. Wewe ndo uko sahihi. 1976 Mwalimu alimpeleka Nigeria, hata hakukaa sana, 1977 akarudishwa kuwa waziri wa mambo ya nje. 1980 akahamishiwa wizara ya habari na utamaduni, 1982 akapelekwa Kanada, 1983 Marekani, halafu 1984 Sokoine akafariki kwa ajali, Salim Ahmed Salim akapanda kuwa waziri mkuu, mambo ya nje pakabaki wazi basi Mkapa akaitwa nyumbani akashika tena mpaka 1990. Nchi tatu hizo na wizara ileile mara mbili, mtoto wa Lupaso kabisa, aliyesoma Ndanda hapo! Inaniuma watu wanavyomkumbuka kwa urais tu.
Ila na magazeti usiyadharau, alihariri The Nationalist na Daily News, na mimi naamini ndo yalimjenga, maana kazi kubwa ya balozi ni kusikiliza, kupima, halafu kuandika nyumbani ripoti inayoeleweka.

Dada wa Lindi
Na sisi Lindi tuna wetu jamani, marehemu Membe wa Rondo. Huyo alifanya kazi ubalozi wetu Ottawa kuanzia 1992 mpaka 2000, ndo akaja ubunge Mtama, na 2007 mpaka 2015 akawa waziri wa mambo ya nje.
Mdogo wangu, balozi anateuliwa na rais, hiyo huombi. Unachoomba wewe ni ajira ya Afisa Mambo ya Nje, unaanzia chini, unapangiwa kituo, unarudi wizarani, unapangiwa kingine. Kuna Chuo cha Diplomasia pale Kurasini, kilianza 1978 kwa makubaliano yetu na Msumbiji. Na lugha ongeza, Kiingereza kila mtu anacho. Ningekuwa wewe ningekamata Kireno, Msumbiji hao hapo ng'ambo ya Ruvuma, na Brazil tuna ubalozi pia.

Kijana wa Masasi
Asanteni sana, mzee na dada. Hilo la Kireno sikuwahi kuliwaza kabisa, na bibi yangu mzaa mama katokea Mueda, Kireno cha sokoni anacho mpaka leo. Likizo hii naenda kwake na daftari.