Tupeane uzoefu: Uliporudia Harry Potter ukubwani, ni mhusika gani ulimwona upya?

Kiti cha Mbele
Wakuu salaam. Binti yangu yuko darasa la tano, likizo hii kaanza Harry Potter, nami nikaamua kuvirudia vitabu vyote saba ili tuwe tunajadiliana. Mara ya kwanza nilivisoma bwenini. Kitabu kimoja kilikuwa na foleni, jalada limeshang'oka, na ukikaa nacho siku mbili unatafutwa kitanda kwa kitanda. Wakati ule nilikuwa nakimbiza matukio: nani anakufa, nani anashinda. Safari hii najikuta nauliza kwa nini mtu anafanya anachofanya, na aliyenikaba koo ni Petunia, mama mkubwa wa Harry.

Mnakumbuka kumbukumbu za Snape, yule mwalimu wa dawa, kitabu cha saba? Petunia alipokuwa mtoto alimwandikia Dumbledore, mkuu wa shule ya uchawi ya Hogwarts, barua akiomba naye apokelewe. Dumbledore akamjibu kwa upole kwamba haiwezekani. Lily, mdogo wake Petunia na mama wa Harry, pamoja na Snape wakaisoma ile barua bila ruhusa, na Petunia akagundua kwamba wameisoma pale pale kituo cha treni, siku anamsindikiza mdogo wake kwenda shule. Baadaye mtoto wa huyo mdogo wake analazwa stoo ya chini ya ngazi kwa miaka kumi. Zamani nilimwona mama mwenye roho mbaya, basi. Sasa namwona mtu aliyenyimwa kitu alichokitamani kuliko vyote, halafu usiku mmoja akaachiwa mlangoni mtoto wa yule aliyekipata, aambiwe lea.

Simtetei. Nauliza tu kwa waliorudia: nani aliwageukia? Tiririkeni.

Mpemba Mtulivu
Nimekaa paleee nasubiri watu wa Snape.

Fundi Saa
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi ni Snape, na alinigeukia kwa ubaya.

Nina kigugumizi. Kimepungua, ila shule ya msingi kilikuwa kikali. Tulikuwa na mwalimu wa hisabati aliyejua hilo vizuri, na kila kipindi lazima aniite mimi nisome jibu kwa sauti. Siku moja jibu lilikuwa "sitini na saba". Nikakwama kwenye "si". Akaanza kunifuatisha, "si-si-si-si", huku anagonga meza na chaki kwa mapigo yale yale, na darasa zima likapokea kama wimbo. Nilikuwa na jibu sahihi. Lilikuwa limeandikwa kwenye daftari nililolishika mkononi. Aliniacha nimesimama mpaka kengele ya mapumziko, na kuanzia siku ile jina langu pale shuleni likawa Sitini.

Sasa rudini kitabu cha tatu. Wanafunzi wanakutana na kile kiumbe kinachojigeuza kuwa kitu unachokiogopa kuliko vyote duniani. Neville, mwanafunzi mwenzake Harry, ambaye wazazi wake waliteswa na kina Bellatrix, wafuasi wa yule mchawi muovu Voldemort, mpaka wakapoteza akili, kiumbe kinamgeukia kuwa nani? Mwalimu wake wa dawa! Utotoni tulicheka kwa sababu Snape alitokea amevaa nguo za bibi yake Neville. Nilipofika hapo safari hii nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

Na kuhusu nia yake, nina wazo langu. Ule utabiri wa mtoto wa mwisho wa Julai atakayeweza kumshinda Voldemort ungeweza kumhusu Neville vilevile. Yeye kazaliwa tarehe 30 Julai, Harry tarehe 31. Voldemort angemchagua Neville, Lily, ambaye Snape alimpenda tangu utotoni, angekuwa hai. Kitabu hakisemi hivyo waziwazi, lakini jaribuni kusoma kila mahali Snape anapomsulubu yule mtoto, mpaka kutaka kumpa chura wake dawa iliyoharibika, mkiwa na hilo kichwani. Anamwadhibu kwa kuwa hakuchaguliwa kufa.

Mama Wawili
Pole sana Fundi Saa, huyo mwalimu hakustahili chaki. Lakini kwa Snape sikubali. Huyu mtu alikaa miaka mbele ya Voldemort anamwongopea usoni, akijua siku akigundulika hafi kifo chepesi. Alikubali kumuua Dumbledore kwa ombi la Dumbledore mwenyewe na dunia nzima imwone msaliti. Na aliposikia kwamba Harry analindwa ili afe kwa wakati wake, ni yeye aliyeng'aka kwamba wanamlea mtoto kama nguruwe wa kuchinjwa. Mtu asiye na moyo hasemi hivyo.

Fundi Saa
Ni nani aliyepeleka utabiri kwa Voldemort? Ni yeye. Na alipogundua unamhusu Lily aliomba nini? Lily aachwe. Mume na mtoto hakuwataja, mpaka Dumbledore akamwambia wazi kwamba anamchukiza. Kumpenda marehemu hakumpi mtu ruhusa ya kumtesa mtoto aliye hai mbele yako saa nne asubuhi.

Mama Wawili
Hakuna aliyesema anaruhusiwa. Nimesema ni jasiri. Jasiri na mwema ni watu wawili tofauti.

Mla Urojo
Hapo Mama Wawili kasema, ingawa mimi niko na Fundi Saa.

Wangu mie ni Kreacher. Yule mtumwa wa nyumbani kwa kina Sirius, baba wa ubatizo wa Harry, mchafu, ananung'unika, anatukana watu chini kwa chini. Tulimchukia sote aliposababisha Sirius afe. Lakini rudini mtazame alivyokuwa anasemeshwa. Sirius alikulia kwenye nyumba ile anaichukia, na chuki yote akammwagia yule aliyebaki humo hana pa kwenda. Akamfokea "toka!", na Kreacher akaifanya ndiyo amri, akaenda zake kwa Narcissa, binamu yake Sirius, mtu wa ukoo aliyekuwa anamsemesha vizuri. Akatoa siri kwa aliyempa heshima.

Halafu kitabu cha saba tunaambiwa habari ya Regulus, mdogo wake Sirius, na kile kidani alichokificha Voldemort. Voldemort alimtumia Kreacher kuijaribu sumu pangoni akamwacha afe. Regulus, bwana mdogo wake, aliporudi naye kule aliinywa mwenyewe, akamwamuru Kreacher aondoke. Yaani mtu mmoja tu alimfanyia hivyo maisha yake yote. Na Harry alipompa Kreacher kile kidani cha bandia cha Regulus kiwe chake, nyumba nzima ikabadilika, sufuria zinang'aa, chakula mezani.

Hermione, rafiki wa Harry, aliyasema haya tangu kitabu cha nne wakamcheka. Nasi tulicheka. Kwetu kulikuwa na dada wa kazi aliyekula jikoni, juu ya kibao cha mbuzi, kwenye nyumba yenye meza ya watu sita.

Msee wa Nakuru
Kwangu ni Percy, kaka yake Ron, rafiki wa Harry. Mimi ndiye wa kwanza kwetu kupata kazi ya ofisi Nairobi, na najua ile sauti inakuambia kwamba watu wa nyumbani wanakurudisha nyuma. Percy anamwambia baba yake usoni kwamba wamekaa maskini kwa sababu hana hamu ya kupanda. Anarudisha hata sweta ya Krismasi aliyofumiwa na mamake. Tukiwa watoto tulimwona kama mtu wa kuchekwa tu. Sasa naona kijana ambaye amechoka kuvaa nguo za ndugu zake wakubwa, na serikali imemwambia wewe ni wa maana. Nani hangeenda?

Mpemba Mtulivu
Naunga mkono hoja. Na kinachouma, siku anarudi kuomba msamaha ndiyo siku mdogo wake Fred anakufa, ubavuni kwake, akicheka utani wa Percy huyo huyo.

Mlokole wa Kweli
Mnachambua vitabu vya uchawi kana kwamba ni neno la Mungu. Watoto mnawafundisha nini? Mleta mada, mpe binti yako vitabu vya kumjenga.

Mla Urojo
Mama yangu naye alisema hivyo. Aliona jalada la lile toleo la Marekani, mvulana juu ya ufagio, akakifungia kabatini na vyombo vya wageni. Ila bibi kila usiku alikuwa anatupigia hadithi za majini na mazimwi mpaka tunaogopa kwenda chooni, na hakuna aliyemfungia bibi kabatini.

Mtoro wa Kasese
Kwa wanaosema ni mambo ya wazungu peke yao: mwandishi, J.K. Rowling, aliandika mwaka 2016 kuhusu shule ya wachawi ya Afrika, Uagadou, akaiweka kwenye Milima ya Mwezi. Wanafunzi wake hawahitaji fimbo, wanafanya kwa mkono mtupu. Nimekulia chini ya Rwenzori, nilifurahi kupita kiasi. Samahani kwa kuingilia, endeleeni.

Bint Mikoroshini
Nimesoma kimya tangu juu. Mleta mada, hapo kwenye Petunia umenigusa pabaya, ngoja niandike.

Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili. Nikachukuliwa na mama mkubwa, Dar. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu na stoo. Nililala stoo, pamoja na gunia la mchele, madebe ya mafuta ya taa na baiskeli ya binamu yangu. Kulikuwa na tundu moja juu ukutani, la tofali lililoachwa wazi. Sikupigwa, niseme ukweli. Ni vitu vidogo. Nyama inagawiwa na mwiko unafika kwangu umebeba mchuzi. Binamu akikosea anaitwa "mwanangu", mimi nikikosea naitwa "huyu wa marehemu".

Harry Potter nilimsomea humo humo stoo. Kilikuwa cha binamu, alipewa zawadi hakukifungua. Nilisoma kwa taa ya chemli, na nilipofika kwenye ile stoo ya chini ya ngazi nililia kwa furaha, wallahi. Mtoto wa kwenye kitabu naye amewekwa stoo! Sikujua kwamba jambo hilo linaandikika.

Nilimchukia Petunia na nikamchukia mama mkubwa kwa pamoja, kama mtu mmoja.

Bibi alipofariki tukaenda kijijini. Baada ya arobaini nikaachiwa kazi ya kupanga sanduku lake. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni, nikakuta karatasi imekunjwa mara nne, mikunjo imeanza kukatika. Barua ya kuchaguliwa kujiunga na kidato cha kwanza. Jina ni la mama mkubwa.

Nikamuuliza mjomba. Akasema wee, hujui? Babu alisema ada ya bweni ipo ya mtoto mmoja, na huyu mkubwa ameshajua kazi, abaki amsaidie mama yake. Mama mkubwa akabaki anauza dagaa gulioni. Miaka michache baadaye mama yangu naye akachaguliwa, akaenda. Ada yake ilitoka kwenye zile dagaa.

Kwa hiyo mama yangu, yule mwalimu aliyesifiwa ukoo mzima, alisomeshwa na dada yake ambaye hakwenda. Akafa, na mtoto wake akaletwa kwa huyo huyo dada, naye anafaulu, anasoma vitabu vya Kiingereza stoo.

Mama mkubwa yupo. Sukari imemshika, macho yamepungua. Namtumia hela ya dawa kila mwezi kwenye simu, ananijibu "imefika". Hatujawahi kuliongea. Ile barua ninayo mimi.

Kiti cha Mbele
Dah.

Msee wa Nakuru
Pole sana dadangu. Nimesoma nikarudia.

Mama Wawili
Bint, nenda ukae naye chini mwonyeshe hiyo barua. Mwambie unajua. Anaweza kuwa amesubiri mtu amwambie hivyo maisha yake yote.

Fundi Saa
Usiende. Barua ilikuwa sanduku la bibi, maana yake hata mama mkubwa huenda hajui kwamba ilihifadhiwa. Unamfungulia kidonda mtu mwenye sukari. Na wewe stoo uliilala kweli, huna deni la kumwelewa.

Mama Wawili
Kwako kila kitu ni kutosamehe.

Fundi Saa
Na kwako kila anayetesa mtoto ana sababu nzuri.

Mpemba Mtulivu
Jamani msimfanye Bint uwanja wenu wa Snape.

Mla Urojo
Mie ningempelekea kilo mbili za nyama, nipike mwenyewe, nimgawie mwiko wa kwanza yeye. Barua ibaki mkobani. Akitaka kusema atasema.

Mlokole wa Kweli
Bint Mikoroshini, pole mwanangu. Kwa hili siwezi kusema chochote kibaya juu ya kitabu kilichokukuta humo. Mimi ningeenda.

Msee wa Nakuru
Ila kuna mtu hatujamtaja. Dumbledore ndiye aliyemweka Harry pale. Mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu, usiku wa Novemba, Uingereza, kwenye ngazi za mlango na barua! Na kitabu cha tano anakiri mwenyewe kwamba alijua anampeleka kwenye miaka kumi ya giza. Najua hoja ya damu ya mama, kwamba akiishi kwa ndugu wa mamake Voldemort hamgusi. Sawa. Lakini hata siku moja hangepita kumjulia hali? Petunia naye aliachiwa karatasi tu. Ule ukoo wa wachawi ulimjibu kwa barua mara mbili, mara ya kwanza kumkataa na ya pili kumpa mzigo.

Kiti cha Mbele
Hilo la barua mbili halikuwahi kunijia. Naenda kumsomea binti. Yeye leo yuko kwa Neville, pale hospitali kwenye kitabu cha tano, mama yake anapomletea karatasi tupu ya bigijii. Bibi anamwambia itupe, na Neville anaitia mfukoni. Kaniuliza kwa nini Harry hakusema kitu. Nimemwambia aendelee kusoma.

Bint Mikoroshini
Asanteni wote, hata mnaogombana. Sijaamua. Ila naona nimesahau, Petunia na Harry waliagana vipi? Sikumbuki kama alimwambia neno.

Mama Wawili
Alisema kwaheri tu, bila kumtazama. Halafu anageuka mlangoni, anamtazama, kama anataka kusema jambo, halafu anatikisa kichwa kidogo anamfuata mumewe. Dudley, mtoto wa Petunia, ndiye anayempa Harry mkono.

Fundi Saa
Na chai aliyoiweka nje ya mlango wa Harry, tuliyodhani ni mtego. Hapo nakubaliana na Mama Wawili, ukisoma upya Dudley anakutoa machozi.

Bint Mikoroshini
Ni sura ya ngapi hiyo?

Mama Wawili
Kitabu cha saba, sura ya 3. Barua ya Petunia iko ya 33.