Mrejesho: shokapu za Hilux ya kuvuta tela

Wakuu, niliwauliza nifunge shokapu (vifaa vya kuzuia gari lisinesenese) zipi kwenye Hilux inayovuta tela la mahindi kutoka Kibaigwa hadi Dodoma mjini. Za zamani zilivuja oili, gari likanesa kama kitanda cha kamba.

Nimefunga za gesi mlizoshauri, zote nne, na bushi (mipira ya maungio yake) mpya. Kunesa kumeisha, nikishika breki pua haizami tena. Ila tela likijaa, mkia bado unakaa chini. Aliyesema shokapu haibebi mzigo, kazi hiyo ni ya springi, nilimbishia, naomba radhi mkuu. Fundi alimulika tochi, jani moja la springi ya nyuma limekatika katikati! Nitalibadilisha nikilipwa safari ijayo. Gari likiwa tupu ni gumu, njia ya vumbi mgongo unajua. Asanteni sana.