Beira baada ya Kimbunga Idai: mdogo wangu anahamia huko. Mji umesimama kweli?

BintiMikindani

Habari za jioni wana jukwaa. Namwomba mwenye kuifahamu Beira, Msumbiji, anisaidie.

Mdogo wangu wa kiume kapata kazi kwa wakala wa forodha pale bandarini. Anatakiwa aripoti mwezi ujao, na anaondoka na mkewe na mtoto wa miaka miwili. Mama hataki kusikia. Kila akitajiwa Beira anakumbuka Machi 2019, zile picha za watu wamekaa juu ya miembe na maji pande zote, nami sina cha kumjibu.

Sisi ni watu wa Mtwara. Aprili ya mwaka ule ule, Kimbunga Kenneth kilipotangazwa, tulibeba mikeka na watoto tukahamia kwa shangazi aliyejenga juu kidogo, tukakesha na redio. Kikawapiga ndugu zetu wa Cabo Delgado. Kwetu halikung'oka bati hata moja, lakini hofu ya usiku ule sijaisahau mpaka leo. Sasa huyu anakwenda mahali palipopigwa kweli.

Nauliza: mji umejengwa upya au umepakwa rangi tu? Nyumba ya kupanga atafute ya namna gani? Na kikija kingine, cha kuogopa ni upepo, bahari au mvua?

Naomba anijibu mtu aliyekaa kule, si wa kusimuliwa.

FundiKenchi

Dada, pole na mama mpe pole. Nimekaa Beira tangu 2013 hadi 2022. Kazi yangu ni paa, napiga kenchi (fremu za mbao za paa) na kuezeka, kwa hiyo mengi nitakayokwambia nimeyaonea juu ya nyumba za watu.

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 14 Machi. Nilipanga mtaa wa Munhava, nyumba ya matofali ya saruji, bati geji 30. Umeme ulikatika jioni. Saa tatu usiku upepo ulikuwa umeacha kupiga mluzi, unanguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza na mlima wenyewe hauishi. Mimi nilikuwa nasikiliza paa. Ilianza kutoka kofia, bati la juu kabisa linalofunika mgongo wa paa. Kofia ikishatoka upepo umepata pa kuingilia, unafunua bati moja baada ya jingine, kisha papi, mbao zinazoshikilia bati, zinang'oka na misumari yake. Tulijibana chini ya meza, mimi na mama jirani na wanawe watatu, mvua inatumwagikia, mpaka alfajiri. Huthubutu kutoka, maana mabati yanayoruka nje yanakata kama panga. Asubuhi nililikuta moja limejizungusha kwenye mnazi kama kanga iliyofungwa kiunoni.

Wataalamu walisema upepo ulizidi kilomita 170 kwa saa. Msalaba Mwekundu wakasema asilimia 90 ya mji na viunga vyake imeharibika. Wako waliosema wameongeza chumvi. Mimi Jumamosi nilipita na baiskeli kutoka Munhava hadi Macuti, na sibishani na hesabu yao. Mivinje ya ufukweni ilikuwa imelala. Praia Nova, wanakokaa wavuvi, zilibaki nguzo. Hospitali kuu, paa wazi. Simu hakuna, barabara ya N6, ambayo ndiyo njia ya magari kuingia mjini, imekatwa na maji. Mke wangu yuko Tanga, alikaa siku sita hajui kama mimi ni mzima.

Ninyi wa pwani hili mtalielewa haraka: usiku ule bahari ilikuwa maji mafu, haijai sana wala haikupwi sana. Mwezi ulikuwa wa siku saba hivi. Bamvua, yaani siku za maji makubwa, ya Beira si kama ya kwetu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 6, na sehemu kubwa ya mji imelala usawa wa bahari. Mawimbi ya Idai yangekutana na bamvua, sidhani kama Munhava pangebaki mtu wa kusimulia. Pwani ile bahari imekwisha kula mji kabla. Sofala ya wafanyabiashara wa Kilwa ilikuwa kusini kidogo tu ya hapo, na imeliwa na maji. Mawe ya ngome ya Wareno yalibebwa yakajengea kanisa kuu la Beira.

Walioonekana juu ya miembe hawakuwa wa mjini. Siku zilizofuata mito Pungwe na Buzi ilifurika, bonde lote likawa bahari, na ndiko walikofia watu wengi. Msumbiji peke yake walikufa zaidi ya 600, na ukijumlisha Zimbabwe na Malawi wanapita 1,000. Watu wa Buzi waliletwa kwa boti, wanashushwa kwetu, mji usiokuwa na paa.

Mwisho wa Machi kikatangazwa kipindupindu. Hapo nilisema tumekwisha, kwa sababu tulikuwa tunachota maji popote. Mapema Aprili ikaja chanjo ya kunywa, dozi karibu laki 9. Mimi nilikunywa yangu nimepanga foleni kwenye uwanja wa shule. Wagonjwa walipita 6,000, na waliokufa hawakufika 10. Watu wakizungumza habari za Beira kuinuka wanataja bandari na barabara. Mimi huanza na hiyo foleni.

Sasa swali lako la kujengwa upya.

Wiki ya pili misumari ya bati ilikosekana mjini. Bati wenyeji huliita chapa, na kila kona ulisikia chapa zinanyooshwa kwa nyundo za mbao. Tuliokota yaliyokunjamana, tukayanyoosha, matundu tukaziba kwa lami. Mwishoni mwa Mei ukafanyika mkutano wa wafadhili pale pale Beira. Ilisemwa inahitajika dola bilioni 3.2 kwa hasara za Idai na Kenneth, ikaahidiwa bilioni 1.2. Ahadi si bati. Mtu wa Munhava alikuwa na mvua juu ya kichwa chake tangu Machi, hangeweza kungoja.

Kwa hiyo tuliezeka. Mafundi tulifundishwa na watu wa misaada jinsi ya kuezeka paa la kuhimili kimbunga: kenchi unaifunga kwenye linta (boriti ya zege juu ya ukuta) kwa ukanda wa chuma, papi unazisogeza karibu karibu, pembezoni na kwenye kofia unaongeza misumari, na paa la pande nne ni bora kuliko la pande mbili. Nilielewa yote siku ile ile, si mambo magumu. Tatizo ni pesa ya chuma. Mwenye nacho nilimfungia chuma. Asiye nacho nilimpigia misumari mitupu, mara nyingine kwenye mbao zile zile zilizokwisha lowa.

Alikuwepo mama mmoja, mjane, anakaanga samaki. Pesa yake ilitosha bati na misumari basi. Nilijua paa lile halitahimili, na nikapiga, kwa sababu watoto walikuwa wanalala chini ya turubai mwezi wa tano.

Tarehe 30 Desemba 2020 kikapita kimbunga Chalane, hakikuwa kikubwa. Tarehe 23 Januari 2021 kikaja Eloise. Asubuhi nilipanda pikipiki kwenda kukagua kazi zangu mtaa ule. Nyumba 4 nilizofunga kwa chuma zilikuwa zimesimama zote. Za misumari mitupu zilikuwa 7, na 5 zimefunuka. Ya yule mama ilikuwa mojawapo. Alikuwa amekaa kizingitini. Hakunilaumu, alinitazama tu, akaniuliza kama nimekunywa chai.

Nyumba yake nilikwenda kuifunga kwa chuma mwezi uliofuata, kwa gharama yangu. Zile nne nyingine sikuweza zote.

Basi dada, ukiuliza kama mji umesimama: bandari inafanya kazi, maduka yamejaa, mdogo wako atakuta mji mzima wenye watu wachapakazi. Lakini ukiingia mitaa ya chini, watu wamejenga paa lile lile mara mbili ndani ya miaka miwili, wengine mara tatu, kwa akiba ileile ya samaki na karanga. Sipendi mtu akija akaangalia Ponta Gêa tu, mtaa wa wenye uwezo, akasema Beira imepona.

Mkamba_Louisiana

Nimesoma hadi mwisho, Fundi, na nimeguswa. Mimi ni Mkenya, niko Lake Charles, Louisiana. Huku wanaita hurricane lakini ni kimbunga hicho hicho, bahari tu ndiyo tofauti. Laura ilitupiga tarehe 27 Agosti 2020, na tarehe 9 Oktoba ikaja Delta juu ya vidonda. Haikupita hata miezi miwili. Februari baridi kali ikapasua mabomba, na Mei 2021 mvua ya siku moja ikajaza nyumba ambazo watu walikuwa wamemaliza kuzitengeneza.

Ninayeishi katika nchi tajiri nakwambia ni yale yale. Turubai za buluu zilikaa juu ya nyumba mwaka mzima na zaidi. Katikati ya mji lilikuwepo jengo la ghorofa 22, vioo vimetoka, madirisha yamezibwa kwa mbao, na lilibaki hivyo mpaka Septemba 2024 lilipoangushwa kwa baruti. Nilikuwa nalipita kila siku nikienda kazini. Jirani zangu wengi hawakurudi, na si kwa kutaka kwao. Nyumba za kupanga za bei nafuu ndizo zilizochelewa kutengenezwa.

Kwa hiyo dada, amwombe mwenye nyumba amwambie ukweli lini paa lilitengenezwa.

BintiMikindani

Kaka Fundi, asante sana. Na wewe wa Louisiana, pole kwa yote hayo. Hiyo ya maji mafu imenifanya nikae kimya kidogo. Mama nimemsomea, alikuwa anatikisa kichwa tu.

Sasa nisaidie na hilo la nyumba. Bajeti yake ni ya kawaida. Akae mtaa gani?

FundiKenchi

Mtaa sikutajii, kwa kuwa ndani ya mtaa mmoja nyumba hii inakauka na ile inalala na maji wiki nzima. Aangalie mfereji.

Mvua ya Beira ni mtihani wa kila mwaka hata bila kimbunga. Maji ya bahari yakijaa, maji ya mvua hayana pa kutokea. Kabla ya Idai, 2018, walikuwa wamemaliza kukarabati kama kilomita 11 za mifereji, wameweka milango ya maji, na wamechimba bwawa kubwa Maraza. Bahari ikipanda milango inafungwa na mvua inangoja bwawani, bahari ikishuka wanafungulia. Na mto Chiveve unaopita katikati ya mji ulikuwa umezibuliwa na mikoko kupandwa. Baada ya Idai, rafiki yangu aliyekaa karibu na mfereji mkubwa alianika godoro lake siku tatu kabla yangu. Meya Daviz Simango, aliyechaguliwa mara ya kwanza 2003, alihangaikia sana habari ya maji. Alifariki Februari 2021, mwezi mmoja tu baada ya Eloise, na nakumbuka watu walivyolia Munhava.

Basi mdogo wako akipelekwa kuona nyumba, atembee kwanza kando ya mfereji ulio karibu. Ukiwa umejaa taka na majani, aondoke. Ndani, aangalie ukutani kama kuna mstari wa maji uliopakwa rangi juu yake, rangi huwa inabambuka hapo kwanza. Apande darini na tochi, akute chuma kinachoshika kenchi na ukuta. Akiona misumari mitupu, hata kodi iwe ya chini namna gani, amwambie dalali asante. Amuulize jirani, siyo mwenye nyumba, usiku wa Eloise ilikuwaje. Ghorofa ya kwanza au ya pili katika jengo la zamani la zege ni bora kuliko nyumba nzuri ya chini.

Msimu ni Novemba hadi Aprili. Tahadhari zinatolewa kwa rangi: bluu, njano, nyekundu. Awazoeze mke na mtoto kuondoka kwenye njano. Nyekundu ikishatangazwa njia zimeanza kujaa.

BintiMikindani

Nimemtumia yote neno kwa neno, na amesema atapanda darini mwenyewe. Mama anauliza jambo moja tu kaka yangu. Yule mama wa samaki, paa lake liko?

FundiKenchi

Mwambie liko. Huwa nampigia simu kila mwaka msimu ukianza. Anakaanga pale pale. Ana bati moja linavuja juu ya jiko, nimempa namba ya kijana niliyemfundisha kazi, atalitazama Jumamosi.