Vijana wangu wana mawazo lakini wananyamaza, naomba ushauri

Hamjambo wenzangu. Nina karakana ya kuchomelea milango na madirisha hapa Kisumu, upande wa Kibuye. Mafundi wangu ni hodari, ila kila jambo wananingoja mimi. Juzi nikakuta kijana mmoja ameunda kifaa cha kushikilia fremu ya dirisha, pembe zinatoka mraba bila kupima kila mara. Amekiunda kwa mabaki ya vyuma, na alikuwa anakificha nyuma ya kompresa! Kumbe alikofunzwa kazi alikuwa akikaripiwa kwa "kuharibu vyuma".

Nasikia Toyota walianza kukusanya mapendekezo ya wafanyakazi tangu 1951. Mimi niliweka sanduku la maoni, likajaa maombi ya advansi (siwalaumu, maisha ni magumu).

Sasa nimpe huyu kijana bonasi ya mara moja, au kitu kidogo kwa kila dirisha? Wengine wasije wakaona nampendelea. Na mtu akijaribu jambo likagonga mwamba, hasara ya vyuma aibebe nani? Bei mnaijua. Msimamizi wangu naye huona wazo la kijana ni dharau kwake. Mwenye uzoefu anieleze alivyofanya.